Saa ya Baba na Betri ya Gari Linalolala

CHINI YA BONETI
Maswali ya wasomaji, majibu ya Mama Fundi wa Makole, Dodoma

Mwezi huu barua moja imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine, na nimeiachia makusudi. Tangu watu wahamie Dodoma na ofisi zao, wengi wamekuja na gari la kazini na gari la moyoni, na hilo la moyoni ndilo linalokaa bandani mpaka betri inakufa. Barua nne zimekuja kuhusu shida hiyo hiyo. Nimezijibu zote.

SWALI LA KWANZA

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni binti wa kwanza kwetu, tunakaa Kisasa. Marehemu baba alituachia Datsun 240Z ya mwaka 1972. Alikuwa nayo tangu sijazaliwa na hatuna nia ya kuiuza. Tunaitoa sikukuu na harusi za ndugu tu, siku nyingine zote iko bandani imefunikwa turubai. Tatizo ni betri. Ndani ya miaka miwili na nusu nimenunua tatu. Naipeleka kuchajiwa, inarudi imejaa, wiki mbili baadaye nikigeuza funguo stata inalia "tik" moja basi. Kijana wa nyumbani anaiwasha kila Jumapili dakika tano, haijasaidia. Fundi mmoja ameniambia altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, imekufa ninunue nyingine, mwingine kaniambia magari ya zamani ndivyo yalivyo. Kaka yangu anasema ning'oe betri niiweke stoo. Ila kwenye dashibodi kuna saa. Baba alikuwa akiingia kwenye gari anailinganisha kwanza na saa yake ya mkononi, ndipo anagusa funguo. Bado inatembea, na betri ikitolewa itasimama. Naomba unisaidie. Je, naweza kufunga sola?
Binti wa Kisasa, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Barua yako niliisoma Jumanne. Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa getini kwenu na mkoba wangu, kama unavyojua, na wasomaji wengine sasa watajua tulichokifanya. Sikuja kwa sababu ya betri peke yake. Gari hili nimelipenda tangu utoto. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Injini ya silinda sita, kabureta mbili, kabisa halina kompyuta hata moja. Gari la namna hii likinyonya betri, kuna kitu au mtu aliyelifundisha kunyonya. Ndiyo maana neno la yule fundi kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo sikulikubali hata kabla sijafika. Gari la 1972 likizimwa, kinachopaswa kula umeme ni hiyo saa tu.

Ulinishangaa nilipofunua boneti nikaweka kiganja juu ya altaneta kabla sijatoa chombo chochote. Nilikuwa natafuta joto. Ndani ya altaneta kuna dayodi zinazoruhusu umeme utoke kwenda kwenye betri na kuuzuia usirudi. Dayodi ikiharibika, umeme wa betri unarudi ndani usiku kucha. Vilevile katauti, kile kiboksi cha kurekebisha chaji ambacho kwenye gari lako kiko nje ya altaneta, pointi zake zikigandana hukaa inalisha koili ya altaneta hata gari likiwa limezimwa. Yote mawili huiacha altaneta na uvuguvugu asubuhi, wakati injini nzima ni baridi. Yako ilikuwa baridi kama mtungi. Baadaye tulipowasha gari na kulitia mafuta kidogo, betri ilisoma volti 14.1. Altaneta inayochaji 14.1 haidaiwi kitu. Hela ya altaneta mpya ibaki mfukoni.

Betri yenyewe, kabla hatujawasha chochote, ilisoma volti 11.9. Wasomaji wangu shikeni namba hizi, na mpime gari likiwa limelala usiku mzima, si mara tu baada ya kuchaji: 12.6 au 12.7 betri imeshiba, 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, na 11.8 kushuka chini ni tupu. Betri ya gari haikuumbwa kuishi nusu. Ikikaa na njaa, sahani zake za risasi zinaota ukoko wa chumvi nyeupe. Siku za mwanzo ukoko huo ni laini na chaji inauyeyusha. Wiki zikipita unakuwa mgumu, na hapo chaji haiingii tena hata ukeshe nayo. Betri zako mbili za kwanza hazikuwa mbovu toka dukani. Zilikufa kwa kulazwa na njaa mara nyingi mno.

Mjomba wangu, aliyenilea kazi hii Majengo enzi ambazo watu walileta betri za matrekta toka Kongwa kuja kuchajiwa, alikuwa hapokei betri bila kuuliza imelala tupu siku ngapi. Ukimwambia mwezi, anaichukua lakini hakuahidi kitu. Nilikuwa mdogo, nikadhani anajidai. Sasa na mimi nauliza vilevile.

Turudi bandani. Juu ya betri yako kulikuwa na vumbi letu hili jekundu limechanganyika na unyevu wa asidi, limekuwa kama tope lililokauka. Nilishika waya mmoja wa multimita, mita ya kupimia umeme, kwenye kichwa cha hasi, wa pili nikauburuza juu ya plastiki tupu, mahali pasipo na chuma chochote, na mita ikasoma zaidi ya volti moja. Uliona mwenyewe. Maana yake uchafu ule ulikuwa unapitisha umeme toka kichwa kimoja kwenda kingine, taratibu, usiku na mchana. Dawa yake iko jikoni: kijiko cha magadi kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani mpaka povu liishe, suuza, kausha. Vifuniko viwe vimekazwa, magadi yasiingie ndani hata tone, maana yanaua asidi, na asidi ndiyo uhai wa betri. Kisha vichwa vyote viwili vipake mafuta ya mgando.

Lakini tope halimalizi betri ya saizi ya N50 kama yako kwa wiki mbili. Kulikuwa na mnyonyaji mkubwa zaidi, na kumpata nilitaka kupima bila kusimamisha saa ya mzee. Njia yake ni hii. Multimita unaiweka kwenye ampea 10, na waya mwekundu unauhamishia kwenye tundu la ampea, wengi wanasahau hapo. Kibanio kimoja unakibana kwenye kichwa cha hasi cha betri, cha pili kwenye kishikio cha waya wa hasi, vyote vikiwa bado vimeungana. Ndipo unalegeza nati kwa spana namba 10 na kuchomoa kishikio taratibu. Umeme ambao ulikuwa unapita kwenye kishikio sasa unapita ndani ya mita, haukatiki. Uliinama dirishani ukaniambia, "Mama, mshale wa sekunde bado unatembea." Nilifurahi kuliko ulivyodhani.

Onyo kwa wanaotaka kujaribu: mita ikiwa imeungwa hivyo usiguse stata kabisa. Stata inavuta ampea mia na zaidi, utaunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe. Na milango ifungwe, la sivyo utakuwa unapima taa ya ndani. Sisi dirisha tulilifungua kabla, kwa sababu tulijua tutahitaji kufikia fyuzi.

Mita ikasoma 0.12. Namba ndogo, sivyo? Hesabu basi. Ampea 0.12 kwa saa 24 ni ampea-saa 2.9 kwa siku. N50 ina ampea-saa 50 ikiwa mpya na imeshiba. Siku ya tisa umeshavuka nusu, siku ya kumi na saba hakuna kitu. Ndiyo wiki zako mbili hizo hizo, na betri iliyoota ukoko haifiki hata hapo.

Sanduku la fyuzi la 240Z liko katikati ya viti, chini ya kifuniko, na fyuzi zake ni za kioo. Nilikuomba uwe unachomoa moja moja na kurudisha, mimi macho kwenye mita. Ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Nyingine ulipoichomoa, mita ikaanguka toka 0.12 mpaka 0.04. Tukafuata waya wake: redio. Si redio ya zamani ya baba, ni ile mpya yenye kioo iliyofungwa miaka mitatu iliyopita. Redio za sasa zina waya wa njano wa kutunza kumbukumbu, ambao unapata umeme muda wote, na waya mwekundu ambao unatakiwa uamke na funguo na ulale na funguo. Kwenye gari lenu nyaya hizi mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa selotepu, ili redio iimbe hata bila funguo. Kwa hiyo redio ilikuwa haijawahi kulala tangu siku ilipofungwa. Kioo kimezimika, ndani iko macho. Aliyefanya hivyo simjui na simtafuti, lakini kosa hili nalikuta kwenye magari mengi mno, na linauma kwa sababu kulirekebisha ni kazi ya nusu saa: waya mwekundu ukapelekwa kwenye umeme wa funguo, basi. Na wa njano, kwa gari linalokaa miezi, nilikushauri tuuunge hapo hapo. Redio itasahau vituo ikizimwa. Utavitafuta tena.

Alamu ilikuwa inakula 0.03. Hiyo si ubovu, ndivyo alamu zilivyo, inasikiliza rimoti. Gari likiendeshwa kila siku hutaona kitu. Kwa gari linalolala ni ampea-saa 22 hivi kwa mwezi, karibu nusu ya betri yako. Banda lenu lina kufuli na mlinzi yuko getini, ukasema itolewe. Tukaitoa.

Tulipomaliza, mita ilikuwa inachezacheza kati ya 0.00 na 0.01. Hiyo ndiyo saa ya baba yako. Ukiichukulia kuwa 0.01 kamili, inakula ampea-saa 7 hivi kwa mwezi.

Sasa shauri la kaka yako. Hajakosea. Kwa gari lisilo na saa ya thamani kama hii, ningesema hilo hilo, tena bila kuing'oa betri: unafunga swichi ya kukatia betri kwenye waya wa hasi, kama zile za malori, unaizungusha ukimaliza safari na gari linakuwa halina umeme kabisa. Nafuu, rahisi, na inazuia pia moto wa waya mkongwe kugusana usiku. Hata hivyo betri iliyokatwa kila kitu bado inapungua yenyewe. Mahali pa joto la wastani ni kama asilimia 5 kwa mwezi, na kila joto likipanda nyuzi 10 upungufu huo unakaribia kuwa maradufu. Banda lenu ni la mabati bila dari. Oktoba na Novemba, kabla mvua haijaanza, mle ndani mchana hapakaliki. Kwa hiyo swichi haikuondolei kazi ya kupima kila mwezi.

Kwenu wewe jibu ni sola, na Dodoma kwa jua tumebarikiwa. Usinunue paneli kubwa. Ya wati 10 inatosha na kubaki: jua likiwa kali inatoa kama nusu ampea, kwa siku ya kawaida hapa inaingiza ampea-saa mbili na zaidi, wakati saa pamoja na upungufu wa betri yenyewe havifiki nusu ampea-saa. Ziada hiyo ndiyo hatari ukifunga paneli moja kwa moja, itachemsha maji ya betri mchana kutwa mpaka sahani zibaki wazi. Lazima pawe na kontrola, kiboksi cha kudhibiti chaji, katikati, iliyowekwa kwenye aina ya betri ya maji, ikishajaza ishuke na kushikilia volti 13.6 hivi. Kontrola unaiunga na betri kwanza, paneli baadaye. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya wa chanya, karibu na betri, isizidi kiganja kimoja. Paneli ikae juu ya bati, si chini ya mti, ilale kidogo kuelekea kaskazini, na kijana wa nyumbani aipanguse. Vumbi la kiangazi likiganda, paneli ya wati 10 inakuwa ya wati 5.

Na kijana huyo huyo mpunguzie kazi ya Jumapili. Naomba nikueleze kwa nini, maana hili ni kosa linalofanywa kwa upendo. Gari likilala wiki, petroli iliyokuwa kwenye vibakuli vya kabureta inakuwa imepungua kwa joto. Pampu ya mafuta ya gari lako inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo stata ndiyo inayozungusha mpaka mafuta yafike. Nusu dakika ya stata kwa ampea 150 ni ampea-saa 1.25. Halafu anaiacha ikiunguruma taratibu dakika tano. Kwa mwendo huo altaneta ya zamani inatoa kidogo, koili ya moto inachukua chake, tuseme kinachorudi kwenye betri ni ampea 6. Kwa dakika tano ni nusu ampea-saa. Kila Jumapili alikuwa anaikopa betri shilingi mia moja ishirini na tano na kurudisha hamsini. Juu ya hapo injini haijapata moto wa kukausha unyevu, maji yanabaki kwenye oili na kwenye silensa, na plagi zinaloa.

Badala yake litoeni kila baada ya wiki tatu au nne, na liende kweli. Toka Kisasa mnashika barabara ya Dar mpaka Chamwino na kurudi, injini inapata joto lake, breki zinafanya kazi, matairi hayakai kwenye alama moja. Siku ya kuwasha, vuta choki, piga stata sekunde kumi, pumzika nusu dakika, rudia. Usiing'ang'anie.

Betri yako niliondoka nayo, nikakuachia ya kuazima ili saa isisimame. Nimeichaji kwa ampea 5, usiku na nusu siku, nikaiacha ipumzike mpaka kesho yake. Nilikuwa na wasiwasi nayo. Haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, imeonyesha 1.25 kwenye vyumba vitano vya betri na 1.24 kwenye kimoja. Iliyoshiba kabisa ingekuwa 1.27, lakini vyumba vyake vinakubaliana, na hilo ndilo ninalolitazama zaidi. Kimoja kingeshuka peke yake ningekuambia tuitupe. Hii bado ina maisha, ya mwaka hivi, pengine zaidi ukiitunza. Nitaileta Jumamosi na kuifunga. Wakati wa kubadilisha nitaunga betri yangu ndogo pembeni kwa nyaya mbili, kwa hiyo saa haitasimama.

SWALI LA PILI

Mama Fundi, habari za kazi? Niliambiwa na mzee mmoja kuwa betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji inanyonywa chaji na ardhi, ndiyo maana yeye anaweka juu ya ubao. Yangu niliweka juu ya ubao tangu mavuno ya mwaka jana, sijaichaji, na bado imeisha. Ubao wangu mwembamba?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU

Nzuri ndugu yangu. Ubao wako hauna kosa. Zamani maboksi ya betri hayakuwa ya plastiki kama haya ya leo, yalikuwa yanavuja na kunyonya unyevu, na sakafu mbichi iliweza kweli kuleta shida. Mzee wako alisema alichokiona enzi zake, mheshimu. Plastiki ya sasa haipitishi umeme kwenda chini. Yako imeisha kwa sababu betri hupungua yenyewe hata ikiwa imeketi juu ya kitanda, na ulivyoandika ilikaa tangu mavuno ya mwaka jana bila kuchajiwa hata mara moja. Itafute mahali pa baridi ndani ya nyumba, pasipo na watoto wala moto, ipime kila mwezi, ikishuka 12.4 ichaji. Ubao uache, unasaidia betri isiokote mchanga.

SWALI LA TATU

Mambo Mama Fundi! Nina Eunos Roadster toka Japani, ile ya taa za kuchomoza. Betri yake iko ndani ya buti, ndogo halafu bei ghali. Nimepata betri ya kawaida ya maji inaingia pale pale ukiisukuma kidogo. Nikifunga hiyo kuna shida? Na nikichomoa waya wa hasi kila ninapoiacha, nitaharibu kompyuta?
Kijana wa Singida

JIBU

Poa mwanangu. Kuchomoa hasi hakuharibu kitu kwenye gari hilo. Redio itasahau vituo, na kompyuta itahitaji kuendeshwa kidogo mpaka mlio wa injini utulie. Chomoa bila hofu, funguo zikiwa zimetolewa, na kumbuka kufungua buti kwa funguo zenyewe.

La kwanza ndilo linalonikosesha usingizi. Betri ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Chini ya boneti upepo unaichukua. Ndani ya buti inabaki, na nyuma ya kiti chako. Ndiyo maana betri ya gari hilo imetengenezwa kwa kuzibwa na ina vibomba viwili vyembamba vya kupeleka hewa nje, chini ya gari. Angalia ubavuni mwa betri ya zamani utaviona. Betri ya maji ya kawaida haina pa kuviunga, na asidi yake ikirushwa na barabara mbovu inakula bati la buti, utakuja kuona tundu siku umechelewa. Nunua iliyozibwa yenye tundu za vibomba, viunge. Kama huna hela sasa, subiri. Gari likae bila betri mwezi mmoja, hakuna kinachoharibika.

SWALI LA NNE

Mama Fundi, hujambo. Mimi ni mstaafu, nina MGB ya 1965 niliyoipata zamani kwa Mwingereza mmoja. Ina betri mbili ndogo nyuma ya viti. Juzi nilimwita kijana afunge chaja ya sola, akaniambia fundi wa zamani alikosea, nyaya zimegeuzwa, chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Anataka kuzirudisha. Nimemzuia kwanza nikuulize.
Mzee wa Kondoa

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Umefanya vizuri sana kumzuia, na nimefurahi barua yako imefika kabla hajarudi.

Hakuna aliyekosea. MGB zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani na chanya kwenye bodi. Kijana hajawahi kukutana nayo, usimlaumu. Na betri hizo mbili ni za volti 6 kila moja, zimeungwa kwa mfuatano kupata 12. Angegeuza nyaya bila kubadilisha vitu vingine, jenereta ingehitaji kuamshwa upya, na redio, kama ni ya enzi hizo hizo, ingeungua pale pale.

Sola inafungika. Waya wa chanya wa kontrola uende kwenye chanya ya betri, wa hasi kwenye hasi ya betri, hapo hapo kwenye vichwa vyenyewe. Asitumie bodi ya gari kama njia ya kurudishia umeme, kama walivyozoea, na boksi la kontrola kama ni la chuma lisiguse bodi. Afunge kwenye vichwa viwili vya mwisho, ili chaji ipite betri zote mbili. Ukinunua betri, nunua mbili kwa siku moja. Mpya ikifungwa na nzee, nzee inaivuta.

Jambo moja tu mwambie asilisahau. Sisi wote tumefundishwa kufungua waya wa hasi kwanza. Sababu yake ni kwamba hasi ndiyo iliyoshikwa na bodi, ikishatoka, spana ikigusa bodi hakuna cheche. Kwenye gari lako iliyoshikwa na bodi ni chanya. Kwa hiyo afungue chanya kwanza, na wakati wa kurudisha chanya iwe ya mwisho. Mwandikie kwa rangi nyeupe pembeni ya betri, chini ya kile kifuniko nyuma ya viti, ili na atakayekuja baada yake aione.